Honi mpya za Hilux zinakoroma tu

Wakuu, nimefunga honi mbili za konokono, volti 12, kwenye waya wa honi ya zamani. Zinakoroma, na fyuzi ya ampea 10 imekata. Honi ni mbovu?

— Honi nzima, mkuu. Mbili zinavuta umeme mwingi kuliko ile moja ya kiwandani. Weka rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) ya pini nne: pini namba 30 kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 20, iliyo karibu kabisa na betri, 87 kwenda honi zote, 86 ule waya wa zamani, kama unatoa chanya ukibonyeza, 85 athi, yaani bati la bodi (hasi). Waya wa 30 na 87 uwe milimita 2.5 za mraba.

— Niongezee athi, maana wengi huidharau. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae ndipo ukaze boliti. Pima umeme kwenye honi huku mwenzako anabonyeza: ukishuka chini ya volti 11, huenda kuna kiungo kimelegea. Midomo ya honi ielekee chini, maji ya madimbwi yasiingie.

— Honi isiponyamaza ukiachia, rilei imegandana ndani. Chomoa, weka nyingine. Zile za bei ya chee ndiyo tabia yake.