Tupeane uzoefu: halmashauri inapomkabidhi mtu wa nje kazi ya kukuza uchumi

Wakuu, kuna huu mtindo wa halmashauri kuvunja kitengo chake cha biashara na uwekezaji, kazi ikapewa kampuni ya ushauri au shirika kwa mkataba. Mliopitia, leteni mliyoyaona. Naanza.

Nilikuwa afisa biashara. Mshauri alipofika aliomba orodha ya wafanyabiashara, nikampa daftari langu. Pembeni ya majina nilikuwa nimeandika kwa penseli: huyu anadaiwa, huyu anatafuta kiwanja, huyu ukimpigia asubuhi hapokei. Mkataba ulipoisha tulirudishiwa faili la kompyuta, majina na namba za simu basi. Ya penseli yaliondoka na vijana wake.

Diwani mstaafu: Kwetu malipo yalifuata idadi ya waliohudhuria mafunzo. Basi semina haziishi, sura zilezile, kalamu mpya kila wiki. Hakuna kifungu kilichouliza nani bado ana biashara baada ya mwaka. Na tulioupitisha ni sisi.

Mhasibu: Mimi nilikwama kwenye vitabu. Ukiomba stakabadhi unaambiwa ni siri ya kibiashara. Hata wakubwa yamewakuta: jimbo la Ohio, Marekani, liliunda JobsOhio mwaka 2011, shirika binafsi la kukuza uchumi linalojiendesha kwa faida ya pombe kali inayouzwa chini ya jimbo. Mwaka 2013 ikatungwa sheria ya kumzuia mkaguzi wa jimbo kuzichungulia fedha hizo. Pombe ya umma, vitabu vya chumbani!

Mwenye karakana: Jamani, tusimchinje mshauri. Kitengo cha ndani kilinizungusha miezi minane nikitafuta mnunuzi. Yeye alipiga simu mbili, nikapata. Ana watu. Ila na mimi nisingemwachia ufunguo wa kabati.

Mwanzisha mada: Hapo kwenye ufunguo ndipo penyewe. Uingereza walifunga wakala za maendeleo za mikoa mwaka 2012, nafasi ikachukuliwa na bodi za ubia kati ya wafanyabiashara na halmashauri. Aprili 2024 serikali ikaacha kuzifadhili, kazi ikarudi kwenye serikali za mitaa. Siku ya kurudishiwa huwa inafika. Mwenye mkataba uliotaja daftari linabaki kwa nani, atubandikie hicho kifungu, nataka kuona kilivyoandikwa.