Fundi kang'oa pampu ya intakula nzima kabisa, kaitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu, eti "hiyo ni ya Ulaya"!

Mwenye Uzi:
Wakuu, salamu baadaye, damu inachemka.

Yule fundi mnamjua. Wa gereji ya pale konani, mwenye ovaroli jeupe ambalo grisi hailijui, simu mbili masikioni huku vijana wake ndio wanaofungua nati. Jina silitaji, nusu yenu humu kashawaliza.

Leo kaing'oa pampu ya intakula ya gari langu, kaunganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba la plastiki, pampu kaitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu. Nikamuuliza, "Fundi, mbona unaitupa?" Kanijibu bila hata kugeuka: "Hiyo ni ya Ulaya, braza, huku kwetu haina kazi."

Ya Ulaya! Haina kazi!

Gari ni Range Rover Sport ya 2007, V8 ya lita 4.2 yenye supachaja. Supachaja inaikandamiza hewa kabla haijaingia kwenye silinda, na hewa ikikandamizwa inapata moto. Kuipoza hewa hiyo ndiyo kazi ya intakula, na ya gari hili inapozwa kwa maji. Maji hayaendi yenyewe: kuna pampu ndogo ya umeme inayoyapeleka kwenye rejeta yake ya mbele na kuyarudisha. Ikisimama, maji yanakaa palepale yanapata moto, injini inavuta hewa ya moto, kompyuta inaogopa injini isigonge, yaani mafuta yasijiwakie yenyewe ndani ya silinda, inachelewesha cheche. Nguvu zinakatika. Sasa niambieni, kati ya Ulaya penye theluji na Dar ya mwezi wa pili, wapi panapoihitaji zaidi hiyo pampu? Mtu mzima anasimama mbele ya wateja anasema "ya Ulaya"!

Kilichonipeleka kwake ni Kitonga. Gari limekata pumzi mlimani mpaka nikapitwa na Fuso lililojaa saruji, utingo akanipungia mkono. Mshale wa joto la injini uko katikati, taa ya injini haijawaka. Nikachomeka kimashine changu cha kusoma kompyuta ya gari: nje nyuzi 31, hewa inayoingia kwenye injini nyuzi 84. Nikamwonyesha fundi. Hakukitazama! Akasema gasketi ya silinda hedi. Dakika kumi baadaye temostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto lake, nayo akaing'oa. Kulanti yangu yote, ile dawa ya kupozea injini, ikamwagwa mtaroni, vijana wakajaza maji ya kisima, haya yetu ya chumvi, kwa kidumu cha mafuta ya kula. Ndipo akaiona pampu. Ndipo "ya Ulaya".

Nimeiokota ndooni kwenye vyuma vyake, wateja wote wananitazama kama kibaka. Nyumbani nimeizamisha kwenye ndoo ya maji, maana pampu hizi zikizunguka kavu zinaungua, nikaipa umeme wa betri. IMEZUNGUKA! Imerusha maji mpaka ukutani! Nikaenda kuangalia plagi iliyobaki kwenye gari: pini zimeota kutu ya kijani, testa haioni umeme. Pini tu! Fundi kashindwa kushika testa, kaweza kushika kisu cha kukatia mipira. Na kanitoza hela ya "kurekebisha mfumo wa maji". Halafu "ya Ulaya, braza". Mimi si braza wake!

Spana Kumi na Nne:
Pole mkuu. Pini usizikwangue tu, badilisha plagi nzima, kutu imeshapanda ndani ya waya. Kagua fyuzi na rilei pia. Halafu tahadhari: kwenye magari mengine pampu hii haizunguki mpaka kompyuta iione hewa imepata joto. Ukipima na injini ya baridi, testa itakudanganya.

Mwenye Uzi:
Nimepima ya moto mkuu. Na pini ni za KIJANI. Kijani kama mchicha! Yeye kaona kijani kile na bado kasema ya Ulaya.

Spana Kumi na Nne:
Sawa, usinipigie mimi kelele. Ukiirudisha lazima uflashi mfumo wote, chumvi ile itakula rejeta ndogo. Kisha kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Paki gari pua ikitazama juu, legeza skrubu ya kutolea hewa, minya mipira mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki humo pampu itazunguka na maji hayaendi, utasema mimi ndiye mwongo.

Bwana Ushuru:
Range ya supachaja unaipeleka kwa fundi wa konani? Hela ya gari ulikuwa nayo, ya fundi ukaikosa? Uza, nunua IST.

Kitasa:
😂😂 IST haina hata pampu ya kutupa.

Mwenye Uzi:
Sijaomba ushauri wa kununua gari. Nimesema mtu KATUPA PAMPU NZIMA.

Pua ya Boneti:
Ndiyo maana sisi wa Forester ya tabo tumetulia. Intakula iko juu ya injini, upepo unaingia kwa tundu la boneti, bure. Hakuna pampu, hakuna kulanti, hakuna Ulaya.

Kitasa:
Upepo gani kwenye foleni ya Ubungo? Ukisimama nusu saa hiyo intakula inakaangwa na injini iliyo chini yake. Na gasketi za silinda hedi mbona huzitaji?

Pua ya Boneti:
Yangu haijawahi kusumbua.

Kitasa:
Bado.

Mama Noah:
Huyo wa ovaroli jeupe ndiye aliyeng'oa temostati ya Noah yangu! Eti nchi ya joto haihitaji. Tangu hapo injini haifiki joto lake, asubuhi mshale umelala chini kabisa, mafuta linakunywa kupita kiasi. Nikirudi kumuuliza, kaenda msibani. Huyu mtu kila siku ana msiba.

Bwana Ushuru:
Kwangu alikuwa na msiba wa shangazi.

Mama Noah:
Kwangu pia shangazi!

Wa Kisumu:
Na huku kwetu ni hivyo hivyo jamani. Jamaa alitoa temostati ya gari la mzee wangu, akasema tumshukuru. Tukamshukuru kweli!

Mwenye Uzi:
Mnaona? "Nchi ya joto haihitaji." "Ya Ulaya." Ni wimbo wake! Tufanyeje na mtu huyu?

Kitasa:
Mkuu, huyo shangazi kafa mara ngapi?

Binti wa Kihonda:
Nyie mnalilia pampu. Mimi fundi wangu wa cherehani kakaa na kitambaa cha sare tangu mwezi uliopita, harusi ni Jumamosi, leo ananiambia mkanda wa mashine umekatika na hajakata hata mkono mmoja!

Mama Noah:
Yule wa karibu na soko? Mwenye miwani?

Binti wa Kihonda:
Huyo huyo!

Mama Noah:
Ee Mungu. Kamshonea mwanangu suruali ya shule, mguu mmoja unaishia kwenye goti.

Mwenye Uzi:
Jamani, PAMPU.

Bwana Ushuru:
Dada, kachukue kitambaa chako leo hii kabla hajakipima. Akishakipima kinapungua.

Spana Kumi na Nne:
Mkanda wa cherehani ni bei ya soda tu. Ni wa ngozi au wa mpira? Niletee picha.