Sandwichi za sherehe ya watoto: zipi huisha, zipi hubaki kwenye sinia? Tupeane uzoefu

Mwenye mada
Wadau, mwanangu anatimiza miaka 6 na wageni wake ni kama 20. Mwaka jana nilijitia ufundi: nyanya, tango, yai na saladi, vyote ndani ya sandwichi moja. Watoto wakazifumua kama bahasha, wakala mkate, basi. Vipande vya tango niliendelea kuviokota chini ya makochi siku tatu. Nyie mnaweka nini?

Mama Pacha
Pole, lakini ulizidisha. Mtoto anataka ajue anachokula kabla hajang'ata. Mimi naweka kitu kimoja, vikizidi viwili: chizi na siagi, au kuku aliyechambuliwa na mayonezi kidogo, au jamu tupu. Kila sandwichi naikata vipande vinne vya pembetatu, na mtoto mmoja namhesabia vipande vinne. Kwa watoto wako ni vipande 80, yaani slesi 40. Sherehe yetu ya kwanza nilikadiria mara mbili ya hapo, tukala mkate mkavu mpaka baba watoto akagoma.

Baba wa Watatu
Ulizeni mzio mapema, kwenye mwaliko wenyewe. Mimi sikuuliza. Mtoto wa jirani aling'ata ya siagi ya karanga mara moja tu, midomo ikavimba, tukamkimbiza hospitali. Alipona, ila mikono yangu ilitetemeka hadi usiku. Siku hizi karanga siingizi kabisa, maana kisu kikitoka kwenye karanga kikaingia kwenye jamu, hiyo jamu nayo si salama tena. Na mzio hauishii kwenye karanga: kuna wa maziwa, mayai, samaki, ufuta, hata ngano ya mkate wenyewe.

Mpishi wa Zamu
Za kuku, mayai au samaki msiziache mezani zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, mwisho saa moja. Mimi natoa sinia moja, nyingine inasubiri kwenye friji. Na tafadhali, vijiti vya meno vya kushikilia mkate visiwepo, watoto hukimbia navyo mdomoni.

Mama Pacha
Nyongeza: ukiweka nyanya au tango, paka siagi mpaka ukingoni kwanza, huzuia maji yasiloweshe mkate. Ukimaliza funika, mkate wa slesi ukipigwa na upepo hukauka upesi.

Mgeni Kidogo
Kingo za mkate mnakata?

Baba wa Watatu
Sikati. Wasiozitaka wataziacha wenyewe.

Mpishi wa Zamu
Mimi nakata, halafu nazikausha kwenye oveni na kuzisaga ziwe chenga za kukaangia. Hakuna kinachotupwa.

Mwenye mada
Asanteni jamani. Nimeshawatumia wazazi ujumbe, na mmoja amejibu kwamba wake hali mayai. Kwa hiyo mayonezi, kwa kuwa ina mayai, imeondoka, kuku nitamchanganya na siagi. Nimebaki na chizi, kuku na jamu. Tatizo sasa ni mwenye sherehe: anataka jamu na chizi kwenye sandwichi moja.

Mama Pacha
Mtengenezee tu. Wangu walianza hivyo hivyo, na ndiyo iliyoisha kwanza.