Naomba ushauri: kupima umri wa chokaa ya magofu

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa tasnifu kuhusu majengo ya matumbawe ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na nimekwama kwenye vipimo.

Chokaa ile ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Ikishajengewa, hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani inapokauka, kwa hiyo kipimo cha kaboni 14 (kaboni yenye mionzi, ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita) kingeweza kuonyesha ukuta ulijengwa lini. Kwenye karatasi inapendeza! Tatizo ni vipande vya tumbawe visivyoiva motoni: vina kaboni yao ya zamani kutoka baharini, na vikichanganyika na sampuli, ukuta unaonekana mkongwe kuliko ulivyo. Wazo langu jingine ni kupima punje za mkaa zilizobaki ndani ya chokaa, ila mti nao huenda ulikuwa na miaka mingi kabla ya kukatwa.

Aliyewahi kufanya kazi hii, ungeanza na kipi? Je, hadubini inatosha kutambua tumbawe bichi, au nitafute eksirei? Msimamizi wangu anasema "pima vyote", lakini bajeti ni ya mwanafunzi. Sampuli bado sijachukua, nasubiri kibali cha mambo ya kale.