Naomba ushauri: ripoti za tathmini zimeniletea ugomvi ofisini

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, afisa utumishi wa ofisi ndogo ya mizigo. Mwaka huu tulijaribu tathmini ya pande zote: mtu anajipima, kisha anapimwa na bosi, wenzake na walio chini yake. Lengo ni kumsaidia akue kikazi, mshahara hauguswi.

Fomu zilijazwa vizuri tu. Balaa likaja kwenye ripoti. Msimamizi wa stoo nilimpa kurasa 11 za grafu. Akafunua, akafunua, akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, kesho asubuhi nibadilishe nini?" Nikabaki mdomo wazi. Wastani wake ulikuwa 3.4 kati ya 5, kumbe bosi alimpa 4.6 na vijana wake 2.3! Wastani ulificha kila kitu.

Kibaya zaidi, vijana wenyewe ni wawili, na maoni niliyaweka neno kwa neno. Mmoja aliandika "anatufokea mbele ya wapagazi gatini". Mzee akamjua papo hapo. Sasa hawasalimiani, na kosa ni langu.

Nafikiria kundi lenye watu chini ya 3 lisionyeshwe peke yake, na ripoti iwe kurasa 2, tuisome pamoja kabla sijamwachia. Lakini hao vijana wawili nikiwachanganya na kundi la wenzake msimamizi, sauti yao si itamezwa? Na maoni makali niyaandike upya kwa maneno yangu, au huko ni kuchakachua?

Mliowahi kufanya hili, nipeni uzoefu. Mwenye sampuli iliyofutwa majina pia nitashukuru.