YUYV kwenda RGB24 kwa C: picha inainama kimshazari na weupe una madoa

Swali: Wakuu, nachukua fremu za YUYV (Y ni mwangaza, U na V ni rangi) 640×480 kwa V4L2, mfumo wa video wa Linux. Nikizigeuza kuwa RGB24 (baiti moja kila moja kwa nyekundu, kijani na bluu), picha inainama kimshazari, na sehemu zenye mwanga mkali zinatoa madoa meusi. Nakosea wapi?

Jibu 1: Madoa ni namba kufurika. 260 ikiingia kwenye uint8_t (baiti moja, 0 hadi 255) inabaki 4. Piga hesabu kwa int, kisha bana kati ya 0 na 255 kabla ya kuandika:

C=Y-16; D=U-128; E=V-128;
R=(298*C+409*E+128)>>8;
G=(298*C-100*D-208*E+128)>>8;
B=(298*C+516*D+128)>>8;

Hiyo ni BT.601 (kiwango cha rangi za video), Y ya 16 hadi 235. Baiti 4 (Y0 U Y1 V) hubeba pikseli 2.

Jibu 2: Kuinama kimshazari ni urefu wa mstari. Baada ya VIDIOC_S_FMT (ombi la kuweka umbizo la picha) soma upya width na bytesperline (baiti za kila mstari). Draiva ina ruhusa ya kubadilisha ulichoomba. Ruka mstari kwa bytesperline, si width*2.

Muulizaji: Imenyooka, asanteni. Ila nyuso zimekuwa za bluu!

Jibu 2: Hapo programu inayoonyesha picha inataka BGR (bluu kwanza, nyekundu mwisho). Badilishana R na B tu.