Tupeane uzoefu: mafanikio gani umepata ambayo huwezi kuyatolea ushuhuda kanisani?

AltoYaPili: Bwana asifiwe wapendwa. Kwetu ibada ya ushuhuda inajulikana: kaka kanunua gari, dada kapata viza, vigelegele. Sawa, Mungu ni mwema. Ila sijawahi kuona mtu akisimama kusema "nimemsamehe shemeji yangu" akapigiwa makofi. Halafu nasoma Mwanzo 39. Biblia inasema mambo ya Yusufu yalifanikiwa akiwa mtumwa kwa Potifa, na sura ileile inarudia hivyo akiwa gerezani! Aliuzwa ana miaka kama 17, akasimama mbele ya Farao ana 30, kwa hiyo cheo kilikuwa bado mbali. Nyie wenzangu mnahesabu nini? Leteni stori, mahubiri tuwaachie wachungaji.

SpeaGerezani: Nauza spea Gerezani, Kariakoo. Siri ya biashara yetu kila mtu anaijua: kopi inatiwa kwenye boksi la orijino. Nilipookoka nikaacha. Mteja akija namwambia hii kopi, hii orijino, chagua. Wengi wanavuka kwa jirani, wanauziwa kopi ileile kwa bei ya orijino, wanaondoka wanacheka. Nilioanza nao wamejenga, mimi bado mpangaji Mbagala. Mke wangu ni mama mwombaji kwelikweli, lakini Januari moja ada ilipotubana akaniuliza, "Baba Neema, huo uaminifu shuleni wanaupokea?" Sikuwa na jibu, na la maana sijalipata mpaka leo. Ninachojua, breki feki ikimkatalia mtu mteremko wa Kitonga, kwenye msiba ule na mimi nimo. Usiku nalala. Kama hayo ni mafanikio, basi ninayo.

MbeguNjema: Mbarikiwe, ila tusiutakase umaskini. 3 Yohana 1:2 inatuombea tufanikiwe katika mambo yote na tuwe na afya. Ibrahimu alikuwa na mifugo, fedha na dhahabu. Mimi utotoni nimelala njaa, na utakatifu wowote sikuuona mle.

AltoYaPili: Mbegu, la njaa sikubishii hata kidogo. Lakini ile ni salamu ya barua kwa Gayo, tena imewekewa kipimo: kama roho yake ifanikiwavyo. Mimi nikipewa mali kwa kipimo cha roho yangu, nauli ya kesho sina.

KitiChaMbele: Niko upande wa pili wa hadithi yenu. Nina nyumba Goba, malori, na kila harambee mimi ndiye mgeni rasmi. Nikiingia nimechelewa, mhudumu anamwinua mzee wa watu ili nikae. Yakobo sura ya 2 imelikataza jambo hilohilo, tumeisoma hapo kanisani. Mwaka ule mwanangu alipoingia kwenye dawa za kulevya, kadi za michango ziliendelea kuja, lakini aliyekuja nyumbani kuomba na sisi alikuwa mlinzi wa jirani. Mtoto sasa yuko nyumbani, anakula mezani na sisi. Hilo ndilo langu. Sijalisema mbele ya kipaza sauti na sina mpango.

ShangaziWaWote: Nimelea watoto wa marehemu dada yangu. Wa mwisho kamaliza chuo cha ufundi cha VETA, fundi umeme. Kuolewa sikuolewa. Kina mama wa kitengo bado wananiombea "mafanikio", naitikia amina.

KondaUbungo: Daladala letu lina Wafilipi 4:13 kioo kizima: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Paulo aliandika akiwa kifungoni, na mstari wa 12 unataja kushiba na kuona njaa. Huo hakuna anayeubandika.

MbeguNjema: SpeaGerezani, breki pedi za Noah unazo?

SpeaGerezani: Zipo, kopi na orijino. Orijino sipunguzi bei hata ukiniita mpendwa.